Bakuli la nyanya: Jinsi ya kutambua vyombo vya kale vya Uholanzi

MZEE wa boma anapoaga dunia, urithi huhesabiwa kwa utaratibu unaojulikana: ardhi kwanza, mifugo baadaye, kisha vyombo vya nyumbani. Ni katika fungu hili la mwisho, aghalabu nyuma ya kabati au ndani ya sanduku la bati, ambapo jamaa hukumbana na bakuli zito jeupe lenye maua ya buluu au mekundu, na chini ya kitako chake maandishi ya kigeni: Maastricht, Maestricht au Made in Holland.

Hapo hoja huzuka. Mmoja hudai kuwa ni kitu cha karne ya 17 kinachoweza kununua shamba. Wa pili hulitia maji ya kuku. Wa tatu humwita mnunuzi wa vitu vya kale anayepita mtaani. Huenda wote watatu wamekosea, kwa kuwa hakuna aliyesubiri kuuliza mambo mawili: chombo chenyewe kinasema nini, na waliokitumia wanakumbuka nini. Katika sheria za Kenya, majibu ya maswali hayo yana uzito, maana mwaka ambao chombo kiliingia nchini ndio huamua iwapo ni mali ya kawaida au ni kitu cha kale kinacholindwa.

Njia tatu hadi ziwani

Vyombo vya Uholanzi vingeweza kufika Kisumu na maeneo ya kandokando ya Ziwa Victoria kwa njia tatu.

Ya kwanza ni biashara ya pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya mji wa Maastricht, kusini mwa Uholanzi, viliuza bakuli na sahani zao Zanzibar na katika miji ya mwambao. Waswahili walikuwa na mazoea ya kale ya kupamba kwa vyombo vya nje. Mnara wa kaburi la Mambrui ulipachikwa bakuli za Kichina, na nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo vya thamani. Bakuli za Uholanzi ziliingia katika desturi hiyo hiyo. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika hadi makao ya Nabongo Mumia, na reli ilipogusa ziwa mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, bidhaa za Mombasa zikaanza kuja kwa mabehewa, pamoja na familia za Waswahili na Wahindi zilizohamia mji mpya.

Njia ya pili ni misheni. Shirika la Kikatoliki la Mill Hill, lililoanzishwa London mwaka wa 1866, lilikuwa na mapadri wengi Waholanzi, nalo lilianza kazi Kisumu mwanzoni mwa karne ya 20. Gorgonius Brandsma, Mholanzi, aliongoza Kanisa katika Kavirondo kuanzia 1925, akafuatwa na Mholanzi mwenzake, Nicolas Stam. Jan de Reeper, naye wa taifa hilo, alikuwa Askofu wa Kisumu kuanzia 1964 hadi 1976. Mpishi au katekista wa misheni kama Ojola, Aluor au Rangala angeweza kuachiwa sahani padri alipohamishwa.

Ya tatu ni ya juzi: zawadi na kumbukumbu za safari. Miongoni mwake ni vijumba vidogo vya buluu na nyeupe ambavyo shirika la ndege la KLM limekuwa likiwapa abiria wake wa daraja la juu tangu mwaka wa 1952. Ni vitu vya kupendeza, lakini si urithi wa mababu.

Kusoma muhuri

Hatua ya kwanza ni kukigeuza chombo na kuusoma muhuri wa kitakoni kwa kioo cha kukuzia.

Petrus Regout alianzisha kiwanda chake cha vyombo vya udongo mjini Maastricht mwaka wa 1836, akifuata mbinu za Waingereza. Mihuri yake hubeba jina la Regout na la mji huo, na katika miaka ya baadaye ikaongezwa picha ya sphinx, kiumbe mwenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Kampuni ilichukua jina De Sphinx mwaka wa 1899. Kwa hivyo, picha hiyo ikiwa na jina Petrus Regout yaweza kuwa ya kabla ya mwaka huo, ilhali maandishi ya De Sphinx ni ya 1899 au baadaye.

Kiwanda hasimu katika mji huo huo kiliitwa Société Céramique tangu 1863, na mihuri yake mingi huandika jina la mji kwa tahajia ya Maestricht. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka wa 1958, na utengenezaji wa vyombo vya mezani ukakoma mwaka wa 1969.

Jina la nchi nalo ni dokezo muhimu. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko kuonyesha nchi zilikotoka, na viwanda vya Ulaya vikazoea kuandika hivyo. Muhuri wenye maneno Made in Holland, basi, kwa kawaida ni wa baada ya wakati huo, na mara nyingi ni wa karne ya 20.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Tarakimu zilizokandamizwa kitakoni aghalabu huhusu umbo au ukubwa wa chombo, wala si mwaka. Pili, muhuri huonyesha kipindi cha kutengenezwa, si siku ya kuwasili. Bakuli la mwaka wa 1880 laweza kuwa lilifika Kisumu mwaka wa 1930.

Udongo, rangi na uchakavu

Chombo cha udongo cha Maastricht hakipitishi mwanga. Kauri halisi ya Kichina, ikiwa nyembamba, ikishikwa mbele ya taa huonyesha kivuli cha vidole. Vilevile, tone la maji likiwekwa mahali palipobanduka, udongo hulinyonya, ilhali kauri huliacha juu.

Mapambo yana njia zake. Picha zilizohamishwa kwa karatasi kutoka bamba la shaba huacha mahali ambapo kingo za karatasi hazikukutana sawasawa. Maua yaliyogongwa kwa sponji hujirudia kwa umbo moja, rangi ikizidi hapa na kufifia pale. Katika kazi ya namna hizi mbili, rangi iko chini ya utando unaong'aa. Ukucha haupaswi kuhisi mwinuko.

Uchakavu wa kweli hufuata matumizi. Kitako husagika pale kinapogusa meza, na ndani huwa na mikwaruzo ya vijiko. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui si ithibati peke yake, kwani mtu anaweza kuzisababisha makusudi na kuzipaka chai. Taa ya kukagulia noti bandia, iliyo katika maduka mengi, husaidia pia: gizani, gundi na rangi za ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu nyingine za chombo.

Hadaa za Delft na VOC

Jina la mji wa Delft ndilo linalopotosha wengi. Vyombo vya Delft vya karne ya 17 na 18 ni vya udongo laini uliofunikwa kwa utando mweupe wenye madini ya stani. Vikibanduka ukingoni, udongo wa rangi ya manjano au kahawia hafifu huonekana. Sahani nyingi zilizoandikwa Delft Blue ni za watalii, za karne ya 20. Kiwanda cha De Porceleyne Fles kilianza mwaka wa 1653 na bado kipo. Mwaka huo ukiandikwa katika nembo, huwa ni wa kuanzishwa kwa kiwanda, wala si wa kutengenezwa kwa sahani.

Kadhalika herufi VOC, za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki iliyodumu kuanzia 1602 hadi mwisho wa karne ya 18. Sahani maarufu zenye herufi hizo zilitengenezwa Arita, nchini Japani, na nakala za kisasa zimezagaa.

Ushahidi wa familia

Chombo kikishakaguliwa, wazee waulizwe kabla hakijapewa mrithi. Nani alikileta, kutoka wapi, na kilitolewa kabatini siku gani? Asiyekumbuka mwaka hukumbuka tukio: ujenzi wa reli, Vita Vikuu vya Kwanza, mvua kubwa za 1961, au uhuru mwaka wa 1963. Majibu yaandikwe kwa jina la msemaji na tarehe, yaambatanishwe na picha za pande zote za chombo, muhuri ukiwemo. Mafuriko ya 2020 yalipofukuza watu makwao Nyando na Budalang'i, yalionyesha jinsi nyumba na vilivyomo vinavyoweza kwenda na maji kwa usiku mmoja. Kwa hivyo nakala ya kumbukumbu hizo ihifadhiwe pengine.

Mwaka wa 1895

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kifaa chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali, na biashara yake hudhibitiwa. Bakuli lililokuja na misafara ya pwani laweza kuangukia hapo. Lililoingia nchini wakati wa reli haliwezi, kwa kuwa reli ilifika baadaye. Tofauti hiyo haionekani katika muhuri, bali katika simulizi ya nyanya. Anayeuza kabla ya kuuliza hupoteza ithibati hiyo, na mnunuzi huondoka na chombo kisicho na historia.

Kwa upande wa pesa, matumaini yawe ya kiasi. Viwanda vya Maastricht vilitoa vyombo kwa wingi mno, na kwa kawaida bei yake si kubwa.

Utunzaji

Bakuli lioshwe kwa maji vuguvugu na kitambaa laini, bila mchanga, sabuni kali wala dawa ya kung'arisha nguo. Lisitumiwe kwa chakula, hasa chenye ndimu au ukwaju, kwani utando wa vyombo vya kale vya udongo mara nyingi una risasi. Likivunjika, vipande vyote vihifadhiwe bila gundi.

Wenye shaka wanaweza kuanzia Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980 chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Idara hiyo pia husimamia Fort Jesus, Mombasa, na makavazi ya Lamu, ambako vyombo vya kigeni vilivyofika pwani vimehifadhiwa. Anayekwenda abebe bakuli pamoja na maelezo ya wazee aliyoyaandika.