Nani Anashika Daftari? Historia ya Mastanodi Ikitazamwa kutoka Kigali

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu ulikusudiwa wafanyabiashara wa zamani, lakini unaifaa pia historia ya sarafu za kidijiti, kwa sababu sarafu hizo si kitu kingine ila daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Insha hii inajadili aina moja ya kompyuta hizo, yaani mastanodi, na inadai kwamba swali kubwa kwa mkazi wa Kigali si faida inayopatikana, bali ni nani anayeshika daftari na mashine iliyolibeba iko wapi.

Swali la mashine kuwa mbali si geni Rwanda. Nchi haina bahari, na kwa miaka mingi intaneti yake ilipita kwenye satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo. Hata barua pepe kati ya ofisi mbili za Kigali iliweza kwenda ng'ambo kwanza ndipo irudi. Mwaka 2004 kilianzishwa kituo cha RINEX mjini Kigali ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa umefika Mombasa na Dar es Salaam, na nchi za bara zikaunganishwa kwa mikongo ya nchi kavu. Rwanda nayo, kwa kushirikiana na kampuni ya Korea Telecom, ilitandaza mkongo wa taifa wa zaidi ya kilomita 2,000 uliofika katika wilaya zote 30.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi wa Januari, Bitcoin ilianza kufanya kazi. Aliyeibuni, anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto, alitaka daftari lisilo na benki katikati. Wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazoshindana kufunga kurasa mpya za daftari, hulipwa. Lakini anayehifadhi tu nakala kamili ya daftari halipwi chochote, ingawa mtandao unamhitaji. Evan Duffield, aliyeanzisha sarafu ya Dash nchini Marekani Januari 2014 kwa jina jingine, alijibu tatizo hilo mwaka uleule kwa kubuni mastanodi: kompyuta inayohifadhi daftari, inayotoa huduma za ziada na kupiga kura, na mwenyewe hupewa sehemu ya sarafu mpya. Sharti lilikuwa zito: awe na Dash 1,000 asizozitumia maadamu mastanodi yake inafanya kazi.

Namna ya kuiendesha inaeleza mengi. Mashine lazima iwake usiku na mchana na iwe na anwani ya intaneti isiyobadilika. Umeme ukikatika nyumbani, huduma husimama. Mashine isipojibu wenzake kwa muda, hupoteza malipo. Kwa hiyo wengi hukodi seva kwenye kampuni za Ulaya au Marekani kwa ada ya mwezi. Mwenye mastanodi anaweza kukaa Nyamirambo huku seva yake ikiwa Ujerumani: ataingia kwa mbali, ataweka programu, atapakua daftari zima, atafunga milango yote ya mtandao isipokuwa inayohitajika, kisha ataisajili. Sarafu zenyewe na ufunguo wake havipelekwi huko. Hubaki kwake, na seva hupewa ufunguo mwingine wa kazi tu. Hivyo mvamizi akiiteka seva, anaweza kusimamisha kazi lakini hawezi kuiba dhamana.

Hapa pana ukinzani. Daftari lililokusudiwa lisiwe na mwenyewe limejikuta likilala katika majengo ya kampuni chache za kukodisha seva. Na sharti la sarafu 1,000 lilifanya ushikaji wa daftari uwe kazi ya matajiri. Desemba 2017 Dash moja ilizidi dola 1,400. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 100. Aliyenunua dhamana kileleni aliendelea kulipwa sarafu kila zamu ilipofika, huku mtaji wake ukiyeyuka.

Wapo wanaosema haya yote ni utapeli mmoja. Historia ya jirani zetu inatufundisha kutofautisha. OneCoin, iliyoanzishwa Bulgaria mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ilifika hadi Uganda, na Benki Kuu ya nchi hiyo iliwaonya wananchi mwaka 2017. OneCoin haikuwa na daftari la wazi. Takwimu zilitoka kwa kampuni yenyewe, na mnunuzi hakuwa na pa kuzihakiki. Mastanodi ya Dash inaweza kumtia mtu hasara, lakini daftari lake linakaguliwa na yeyote. Hasara na wizi si kitu kimoja, ingawa mfuko mtupu hufanana.

Serikali ya Rwanda nayo imeingia katika swali hili. Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda data binafsi inataka data hizo zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa kibali. Rasimu ya sheria ya mali za kidijiti iliyotolewa Machi 2025 ilipendekeza kuwapa leseni watoa huduma na kupiga marufuku uchimbaji. Mastanodi haichimbi, lakini hulipwa; mwenyewe yuko Kigali, lakini mashine iko ng'ambo. Sheria inayotazama mahali pa mashine na ile inayotazama mahali pa mtu zinaweza kutoa majibu mawili tofauti.

Kwa kuhitimisha, RINEX na mikongo vilijengwa ili Rwanda isitegemee njia ndefu za wengine. Kijana anayekodi seva ya mbali leo anaurudia utegemezi huo kwa hiari. Kabla ya kuuliza atalipwa kiasi gani, na aulize maswali matatu: ufunguo uko kwa nani, daftari linakaguliwa na nani, na siku mwenye seva akizima mashine, atamwendea nani?