Kuosha Gesi ya Ziwa Kivu

Mwanafunzi wa Soweto East, Kibera, aliyewahi kuona gesi ya vyoo ikichemsha chai, aijua harufu ya yai viza iliyomo ndani yake. Gesi hiyo inukayo, pamoja na hewa ya ukaa, huitwa gesi za asidi: ya kwanza hula chuma, na ya pili haiwaki.

Mwaka 1930 Mmarekani Robert Bottoms alipewa hataza ya kuzinasa kwa amini, dawa ya maji izishikayo gesi hizo, na ikipashwa moto huziachia ikatumika tena. Viwanda vingi duniani vikaifuata njia hiyo.

Ziwa Kivu, baina ya Rwanda na Kongo, lilipata njia nyingine. Vilindini mwake mna kilometa za ujazo zipatazo 60 za methani, na hewa ya ukaa kama mara tano yake. Kuanzia 1963 methani ilitolewa Rubona kwa kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwishoni mwa 2015 mtambo wa KivuWatt ukaanza kuzalisha umeme, megawati 26. Huko gesi huoshwa kwa maji ya ziwa lenyewe, kwa kuwa hewa ya ukaa huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko methani, na maji hayanunuliwi. Kweli, methani kidogo hupotea. Lakini injini haichagui sana.

Mashaka makubwa yalikuwa juu ya maji ya vilindini yaliyokwisha kutolewa gesi. Yakirudishwa mahali pasipofaa huweza kuvuruga tabaka za ziwa, nazo ndizo zizuiazo gesi isipande. Katika Ziwa Nyos, Kameruni, Agosti 1986, hewa ya ukaa ilipanda usiku ikaua watu wapatao 1,700. Kandokando ya Kivu wanaishi watu yapata milioni mbili; kwa hiyo kina cha kuyarudishia maji hayo kilitungiwa kanuni kabla KivuWatt haijawashwa.