Reli ya Uganda Iliyoishia Ziwani

Habari za Reli ya Uganda husimuliwa kana kwamba ni za garimoshi peke yake: mataruma, simba wa Tsavo, makuli kutoka Bara Hindi. Masimulizi hayo yanaacha nusu ya safari. Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901, katika kituo kilichopewa jina la Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Mwaka uliofuata mipaka ilisogezwa na Kisumu ikatolewa Uganda, hivyo reli yenye jina la Uganda ikabaki nje ya nchi hiyo. Kampala haikuunganishwa moja kwa moja na Mombasa kwa reli hadi 1931. Kwa takriban miaka 30, basi, njia kuu ya Uganda ilikuwa garimoshi na meli kwa pamoja, na kimoja hakikufaa kitu bila mwenzake. Hata meli iliyoitwa William Mackinnon ilitoka Uskoti vipande vipande, ikapanda garimoshi hadi reli ilipokomea, ikamaliziwa na wapagazi, kisha ikaungwa na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika huko.

Yupo atakayesema kwamba meli zilikuwa kiraka tu cha serikali isiyokuwa na fedha za kuizunguka pwani ya ziwa kwa reli. Ni kweli kwamba fedha zilikuwa haba. Lakini kama zingekuwa kiraka, zingetoweka mwaka 1931. Badala yake, miaka ya 1960 ziliingizwa ziwani Umoja na Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha, ili mabehewa yaingie bila kupakuliwa. Uamuzi huo unaonyesha uzito wa safari ulikuwa wapi. Maji hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa gati. Pamba ya mkulima wa Buganda ilibebwa kichwani hadi sokoni, ikashindiliwa marobota, ikapakiwa melini katika bandari ya Port Bell, ikashushwa Kisumu, ikapandishwa behewani, ikashushwa tena Mombasa. Ndiyo maana hoja kwamba reli ilimwondoa mpagazi ninaikubali nusu tu. Iliufuta msafara mrefu wa miguu kutoka pwani, ila kila njia mbili zilipokutana ilimrudisha mbebaji kwa jina la hamali. Historia ya reli hii isiyowataja mahamali wa gati la Kisumu haijakamilika.