Mara 63 kwa Siku

Semesta yangu ya mwisho chuoni niliimaliza nikirifreshi ukurasa mmoja. Maksi za somo moja hazikuonekana kwenye potali, na kila nikienda ofisini naambiwa, "Endelea kuangalia." Basi nikaangalia. Kabla ya chai, ndani ya mathree, usiku bando ikikaribia kuisha. Hakuna. Karo ya mwaka uliofuata nayo ikakosekana, nikarudi nyumbani.

Ndiyo maana nilipokutana na hesabu ya FriendFeed nilicheka kidogo. Huu ulikuwa mtandao uliokusanya pamoja vitu ambavyo marafiki zako wameposti kwingine. Tarehe 21 Julai 2008, uligonga mlango wa Flickr mara milioni 2.9 kuulizia picha mpya za watu 45,754. Ambao huenda waliweka picha siku hiyo? 6,721. Yaani kila mtu aliuliziwa kama mara 63, na sita kati ya kila saba hawakuwa na lolote. Evan Henshaw-Plath na Kellan Elliott-McCrea walizianika namba hizo kwenye mkutano wa OSCON mwezi huohuo. Hoja yao ilikuwa rahisi: acheni kuuliza, mwambiwe.

Mwaka 2009 Brad Fitzpatrick na Brett Slatkin wa Google, pamoja na Martin Atkins, walileta PubSubHubbub. (Jina baya, najua.) Mwandishi akichapisha, anakistua kitovu: nina jipya. Kitovu kinachukua mara moja, kisha kinawasambazia wote waliojiandikisha. Ni kama mwenye duka kukupigia mkate ukifika, badala ya mtaa mzima kupanga foleni kuuliza.

Kuna kitu kidogo humo nakipenda sana. Kabla ya kukubali usajili, kitovu kinatuma neno la kubahatisha kwa anwani iliyotajwa, na anwani hiyo lazima ilirudishe vilevile. Bila hivyo ningeweza kukuandikisha wewe, bila habari, kwenye mafuriko ya ujumbe hadi seva yako ilale.

Mitandao isiyo na mwenye mmoja ikaushika mtindo huu. Evan Prodromou wa Identi.ca akaujenga ndani ya OStatus, 2010. Eugen Rochko alipoanzisha Mastodon mwaka 2016, alianzia hapohapo. Shida ni kwamba huo ulikuwa mfumo wa matangazo ya hadharani. Ukitaka posti isomwe na wafuasi wako tu, Mastodon iliiwekea alama, lakini seva ya aina nyingine isiyoielewa alama hiyo ingeweza kuianika mbele ya kila mtu. Kwa anayejificha kutoka kwa mtu anayemtishia, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mwaka 2017 Mastodon ikahamia ActivityPub. Hapa hakuna kitovu. Kila akaunti ina kikasha chake, na seva yako yenyewe inapeleka posti hadi kwenye vikasha vya wafuasi. Wafuasi mia wakiwa seva moja, kuna kikasha cha pamoja: inatumwa nakala moja, wanagawana. Mzigo sasa uko kwa anayetuma. Ukiwa na seva ndogo, kisha umaarufu ukupate ghafla na wafuasi watawanyike kwenye seva elfu tatu, ni safari elfu tatu kwa posti moja. Mimi naona bei hiyo ni halali. Wengine wanaolipia seva kutoka mfukoni hawaoni hivyo, na sitawabishia.

Shirika la W3C liliidhinisha ActivityPub na WebSub, jina jipya la PubSubHubbub, siku moja: 23 Januari 2018.

Akaunti yangu iko kwenye seva ndogo ambayo huzima mara kwa mara. Ikizima, seva za wengine hujaribu tena, kila mara zikingoja zaidi, na asubuhi nakuta ujumbe wa usiku umefika wenyewe. Paswadi ya ile potali bado ninayo. Juzi niliingia. Hakuna.