New Forest: Msitu wa Mfalme, Malisho ya Wanakijiji

Mwaka 1079, miaka 13 baada ya kuiteka Uingereza, William wa Normandia alitenga eneo kubwa kusini mwa nchi hiyo, magharibi ya Southampton, liwe mahali pake pa kuwinda. Hakujenga ukuta. Alichoweka ni sheria: atakayeua kulungu wa mfalme atatobolewa macho. Wanakijiji waliokuwamo hawakufukuzwa wote, ila walikatazwa kuzungushia mashamba yao uzio wowote utakaomzuia kulungu kupita, hata kama kulungu mwenyewe anakwenda kula ngano yao. Kwa kuwa hawakuweza kulinda mazao, waliachiwa mifugo yao ijitafutie malisho msituni. Haki hiyo ya malisho ingalipo, na kila anachokiona mgeni wa leo katika New Forest kimepita katika mdomo wa ng'ombe au farasi wa mwanakijiji fulani.

Anayetarajia miti mfululizo hushangaa. Sehemu kubwa ya hifadhi hii, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 570 hivi, ni nyika ya vichaka vifupi vinavyochanua rangi ya zambarau mwezi Agosti, na mabonde yenye tope ambamo mtu huacha kiatu.

Wafalme waliupenda msitu huu, lakini wenyewe haukuwapenda. Richard, mwana wa William, alifia humo akiwinda. Mei 1100 akafa humo humo Richard mwingine, mjukuu. Kisha tarehe 2 Agosti mwaka huohuo ikafika zamu ya mfalme mwenyewe, William wa Pili, aliyeitwa Rufus kwa wekundu wa uso wake. Mshale ulimpata kifuani. Aliyetajwa kuwa ndiye aliyeupiga, bwana mmoja wa Kifaransa aitwaye Walter Tirel, alivuka bahari na hadi uzeeni alikana. Mdogo wa marehemu mfalme, Henry, naye alikuwa katika msafara ule wa mawindo. Hakungoja kilio: alitimka moja kwa moja hadi Winchester kushika hazina, na siku tatu baadaye alikuwa ameshavishwa taji mjini London. Mwili wa kaka yake ulichukuliwa kwa mkokoteni na watu wa kawaida. Masimulizi ya wenyeji humtaja mchoma mkaa mmoja, Purkis. Mfalme akazikwa chini ya mnara wa kanisa kuu la Winchester. Mwaka 1107 mnara ukaanguka, na wapo waliosema kaburi lile ndilo lililouangusha.

Mahali panapodaiwa kuwa alipofia pako karibu na kijiji cha Minstead, hatua chache kutoka maegesho ya magari. Panaitwa Rufus Stone, yaani jiwe, lakini anayesimama mbele yake haoni jiwe. Lile la 1745 liliharibiwa mno na wageni wenye tamaa ya kumbukumbu, hata mwaka 1841 mlinzi mkuu wa msitu, William Sturges Bourne, akalivika gamba la chuma lenye pande tatu, kila upande na maandishi yake: mwaloni uliokuwa hapa, mshale ulioparaza mti, mkokoteni uliokwenda Winchester. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba mfalme alifia mbali na hapo, upande wa Beaulieu. Nguzo haijahama, na watalii nao wanaendelea kupigia picha pale pale.

Sheria ya macho haikudumu. Mwaka 1217, miaka miwili baada ya mkataba wa Magna Carta, mkataba wa misitu uliotolewa kwa jina la mfalme mtoto Henry wa Tatu ulitamka kwamba hakuna atakayepoteza uhai wala kiungo kwa sababu ya nyama ya mfalme. Magna Carta ndiyo iliyopata umaarufu. Kwa mtu aliyekuwa na nguruwe wawili na haja ya kuni, huu wa pili ndio uliokuwa na maana zaidi. Kumbukumbu ya zama zile za ukali inaning'inia katika ukumbi wa mahakama ya msitu mjini Lyndhurst: kikuku kikubwa cha chuma cha kupandia farasi. Husimuliwa kwamba mbwa wa mwanakijiji alipitishwa humo. Akipenya, ni mdogo, hana hatari kwa kulungu. Akikwama, hukatwa kucha za miguu ya mbele asiweze kukimbiza. Wataalamu wanasema kikuku chenyewe ni cha karne nyingi baada ya Rufus, ingawa jina la mfalme huyo limekiganda.

Karne zilivyosonga, taji lilianza kutamani mbao kuliko nyama. Mwaloni mkubwa uitwao Knightwood Oak, wenye mzunguko wa zaidi ya mita saba na umri wa miaka isiyopungua 500, unaisimulia habari hiyo kwa umbo lake. Zamani za ujana wake ulikatwa kichwa ili uchipuze matawi mengi ya kuni na lishe. Ndiyo maana shina ni fupi na nene, na juu yake matawi yametawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mti wa namna hiyo hautoi ubao mrefu wa merikebu. Sheria ya 1698 ikapiga marufuku ukataji huo, hivyo mialoni ya umbo hili inayoonekana leo kwa kawaida ni wazee waliokwisha kukatwa kabla ya marufuku.

Mialoni iliyonyooka ilikwenda Buckler's Hard, kando ya mto Beaulieu. Kijiji hicho kilianza kama ndoto ya sukari: miaka ya 1720 mwenye ardhi, mtawala wa ukoo wa Montagu, alitaka kujenga bandari ya kupokea mazao ya visiwa vyake vya Karibi. Visiwa vikamponyoka, Wafaransa hawakumwachia, naye akabaki na barabara moja pana isiyo na sukari. Upana huo ukawafaa mafundi wa merikebu, waliohitaji nafasi ya kulaza magogo. Mwaka 1781 fundi Henry Adams aliishusha majini Agamemnon, yenye mizinga 64, iliyomeza mialoni 2,000 hivi. Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, aliipenda kuliko zote alizowahi kuziongoza. Mwaka 1805 merikebu tatu za kijiji hiki zilipigana katika vita vya baharini vya Trafalgar. Safu mbili za nyumba za matofali mekundu bado zinatazamana, zikiteremka hadi mtoni, na kati yake ni majani matupu.

Beaulieu penyewe, juu kidogo ya mto, pana magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa na mfalme John mwaka 1204 na kufungwa 1538, pamoja na jumba la makumbusho ya magari lililoanzishwa na Lord Montagu mwaka 1952. Wenye watoto humaliza siku nzima hapo.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 1851. Bunge lilipitisha sheria ya kuwaondoa kulungu, na kwa kufidia haki hiyo ya mawindo taji likaruhusiwa kuzungushia uzio ekari 10,000 zaidi za kupanda miti. Wenye mifugo waliona malisho yakimegwa. Walilipinga jambo hilo kwa zaidi ya miaka 20, hadi sheria ya 1877 ilipozuia uzio mpya na kuiunda upya mahakama ile ya msitu, iitwayo ya Verderers, ili itetee wafugaji. Kulungu, kwa bahati, hawakuisoma sheria ya 1851. Wangali wapo, na Bolderwood kuna jukwaa la kuwatazamia. Miti ya kigeni iliyopandwa miaka ile kandokando ya barabara ya Rhinefield nayo imekuwa kivutio: sequoia mbili za California zimepita mita 50.

Makaburi nayo yana wageni wake. Kwenye kanisa la Lyndhurst amelala Alice Liddell, msichana aliyesimuliwa kisa ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Jiwe lake linamtaja kwa jina la mumewe, Hargreaves, na asiyejua hupita bila kugeuka. Minstead, chini ya mti pembezoni mwa uwanja wa kanisa, yupo Arthur Conan Doyle, aliyehamishiwa hapo mwaka 1955, miaka 25 baada ya kufa. Wageni humwachia viko. Aliyekua na vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar hatahitaji kuelezwa kwa nini. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, na kiko chake ni jamaa wa karibu wa Sherlock Holmes wa Conan Doyle.

Brockenhurst ana kaburi lake Harry Mills, mkamata nyoka aliyefariki 1905. Aliishi katika kibanda kama cha wachoma mkaa, akitembea na kijiti chenye panda na gunia, na inakadiriwa alikamata nyoka 30,000. Wengine aliwauza bustani ya wanyama ya London. Uwanja huohuo una makaburi zaidi ya 90 ya askari wa New Zealand waliotibiwa kijijini wakati wa vita vya kwanza vya dunia.

Msitu uliitwa rasmi hifadhi ya taifa mwaka 2005, ila shughuli zake za kila siku bado ni za wafugaji. Poni wanaorandaranda madukani Burley na Brockenhurst si wanyama pori. Kila mmoja ana mwenyewe, na chapa ya moto mwilini. Kuanzia mwishoni mwa Agosti huswagwa kwa farasi hadi zizini. Hapo huja agista, mmoja wa watano walioajiriwa na Verderers. Anashika mkia, anaunyoosha, na kwa mkasi anakata nywele zake kwa mtindo wa eneo lake, mkato ambao mwenzake hatumii. Mkia uliokatwa ni risiti: ada ya mwaka imelipwa. Wakati huohuo nguruwe huachiwa kwa siku zisizopungua 60 wale mbegu za mwaloni, ambazo zikiwa mbichi huwadhuru poni na ng'ombe.

Barabara nyingi hazina uzio, na mwendo wa juu ni maili 40 kwa saa. Poni hugongwa kila mwaka, hasa usiku, hivyo baadhi huvishwa mikanda inayong'aa. Kuwalisha ni marufuku, kwa kuwa aliyezoea mkate wa watalii huufuata hadi lami. Mwenye neno juu ya hayo hulipeleka Lyndhurst, ambako Verderers hukaa hadharani karibu kila mwezi. Mtu yeyote anaweza kusimama kizimbani na kusema. Hawamjibu papo hapo. Hulijadili wenyewe kwanza, na jibu husomwa kikao kinachofuata.