Msimu wa gofu katika Afrika ya Mashariki: namna unavyoenda, na sababu inatuhusu

Kila mwaka, karibu na mwezi wa pili ao wa tatu, habari za michezo kutoka Nairobi zinataja mashindano ya gofu yanayoitwa Kenya Open. Wasikilizaji wengi wa Masisi na Walikale wanasikia jina la mshindi, wanasikia dola, kisha habari inapita kwa mpira wa miguu. Kinachobaki bila kuelezwa ni miezi inayotangulia: mashindano madogo-madogo ambamo wachezaji wa kwetu huku Afrika wanatafuta nafasi ya kuingia. Ule mzunguko wa mashindano njo tunaita msimu. Ukurasa huu unaeleza namna unavyofanya kazi.

Mchezo wenyewe

Gofu inachezwa kwa fimbo na mpira mdogo mgumu, uzito wake hauzidi gramu 46. Uwanja mkamilifu una mashimo 18, na kila shimo lina upana wa milimita 108, karibu sawa na kikombe kikubwa. Mchezaji anaweza kubeba fimbo 14, hapana zaidi. Anapiga mpira kutoka mwanzo wa njia mpaka uingie katika shimo, kisha anaenda kwa shimo linalofuata. Hakuna goli, hakuna dakika 90. Kuna hesabu ya mapigo tu, na mwenye mapigo machache njo anashinda.

Kila shimo limepewa hesabu yake: matatu, mane ao matano. Ukijumlisha mashimo 18, hesabu ya uwanja inakuwa karibu 70 mpaka 72. Kwa hiyo ukisikia mtu "yuko chini kwa mapigo manne", elewa kwamba ametumia mapigo manne pungufu ya hesabu ya uwanja. Katika mashindano makubwa watu wanacheza siku ine: siku ya ine, siku ya tano, siku ya posho na siku ya yenga.

Mchujo, siku inayoamua chakula

Kisha siku mbili za kwanza kunakuja mchujo. Katika Kenya Open, wachezaji 65 wa kwanza, pamoja na wale waliolingana na wa 65, wanabaki. Wengine wanafunga mizigo. Hapa njo tofauti kubwa na mpira wa miguu. Mchezaji wa timu anaweza kupata mshahara hata timu ikipigwa. Mchezaji wa gofu wa kulipwa hana mshahara. Anajilipia safari, kulala, kula, na yule anayembebea mfuko wa fimbo. Akikosa mchujo, anarudi nyumbani mikono mitupu, na gharama zimekwisha kutoka mfukoni. Ni sawa na mama anayelipa kodi ya soko asubuhi, bila kujua kama atauza.

Anayeshinda anapata vizuri sana. Mwaka wa 2025, Jacques Kruyswijk wa Afrika ya Kusini alishinda Kenya Open katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi. Mfuko wote ulikuwa dola milioni 2,5 na yeye alichukua dola 425.000, ni kusema 17 kwa mia. Lakini pigo moja tu siku ya pili linaweza kutenganisha mtu anayelipwa na mtu asiyelipwa kitu.

Kutoka 1967 mpaka leo

Kenya Open ilianza mwaka wa 1967. Kati ya walioshinda kuko watu waliojulikana dunia yote: Seve Ballesteros wa Hispania mwaka wa 1978, Ian Woosnam wa Wales mwaka wa 1986, Trevor Immelman wa Afrika ya Kusini mwaka wa 2000. Kuanzia 1991 mashindano yaliingia katika mzunguko wa daraja la pili wa Ulaya, na mwaka wa 2019 yakapanda daraja la kwanza.

Lakini mpaka mwaka wa 2025, hakuna Mkenya aliyeshinda. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, mwaka wa 1998. Alimaliza sawasawa na Ricardo González wa Argentina, wakaongeza mashimo, González akashinda. Kwa miaka mingi habari ilikuwa ile ile: wenyeji wanaingia, wanacheza siku mbili, mchujo unawatoa.

Je, ni kwa sababu hawana kipaji? Hapana. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza wakiwa vijana wanaobeba mifuko ya matajiri, wakijifunza kwa macho na kwa fimbo moja ya kuazima. Ballesteros mwenyewe alipita njia hiyo: alikuwa mbeba-fimbo katika kijiji chake, na alijizoeza ku mchanga wa bahari na fimbo moja. Kilichokosekana Afrika ya Mashariki kilikuwa kalenda. Mtu wa Ulaya alifika Nairobi akiwa amekwisha kucheza mashindano mengi ya kulipwa. Mwenyeji alifika akiwa amecheza machache sana. Mkono unajua, lakini moyo haujazoea siku ya mchujo.

Safari Tour na iliyofuata

Mwaka wa 2017 kampuni inayotayarisha mashindano hayo, Kenya Open Golf Limited, ilianzisha Safari Tour. Wazo lilikuwa rahisi: kupanga mashindano kadhaa katika msimu mmoja, kwa viwanja tofauti kama Limuru, Sigona na Thika upande wa Nairobi, Vipingo ku pwani, na Great Rift karibu na Naivasha. Kila mashindano yalitoa pesa kiasi na alama. Alama zilijumlishwa, na mwisho wa msimu wale waliokuwa juu walipata nafasi katika Kenya Open. Kwa hiyo nafasi hizo hazikutoka kwa jina la mtu ao kwa kujuana, zilitoka kwa orodha ambayo kila mtu aliiona.

Wachezaji wa inchi zingine walikuja pia. Robson Chinhoi wa Zimbabwe alishinda mashindano mengi ya mzunguko huo. Kwa Wakenya ilikuwa na uchungu, lakini ilikuwa na faida: kumshinda mgeni mwenye nguvu mara kadhaa kwa mwaka kunafundisha kuliko kumngojea mara moja.

Mwaka wa 2024 hatua nyingine ilifika. Watayarishaji wa Kenya walishirikiana na Sunshine Tour, mzunguko mkubwa wa Afrika ya Kusini, wakaanzisha mzunguko wa kuendeleza wachezaji wa Afrika ya Mashariki. Sasa ngazi ina vidaraja vingi: kutoka uwanja wa nyumbani, mpaka mkoa, mpaka Afrika ya Kusini, na mbele zaidi.

Msimu unapokatika

Kalenda inaweza kuvunjika. Mwezi wa tatu mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulizuia Kenya Open. Mwaka uliofuata, watayarishaji walipanga mashindano mawili katika majuma mawili yanayofuatana, fasi moja, uwanja wa Karen: Justin Harding alishinda ya kwanza, Daniel van Tonder ya pili, wote wa Afrika ya Kusini. Waliona kwamba kilichokatika hakijirekebishi chenyewe, lazima mtu akae na kukipanga upya.

Maneno haya tunayaelewa vizuri huku. Mwezi wa kwanza wa 2025 vita vilifika Masisi-centre kisha Goma, na mwezi wa tatu vilifika Walikale-centre. Wakati watu wanahama, barabara ya Sake kupita Masisi mpaka Walikale haipitiki kwa timu ya vijana. Kocha yuko upande mmoja, golikipa yuko upande mwingine. Kijana wa miaka 17 anayepoteza misimu miwili hapati tena ile miaka.

Kwa kweli, gofu iko mbali na sisi. Katika inchi yetu kuko viwanja Kinshasa na Lubumbashi, na upande wa pili wa mpaka kuko kile cha Kigali. Milima ya Masisi iko na majani mazuri, lakini yale majani ni ya ng'ombe, na hakuna anayeomba yawe ya gofu. Tunachoweza kuchukua ni mpango: tarehe zinazojulikana mapema, orodha ya alama inayobandikwa fasi ya wazi, na nafasi ya juu inayopatikana kwa matokeo. Hiyo inafaa mpira wa miguu, mbio na hata mpira wa mikono wa wasichana wa masomo. Haiombi uwanja wa dola milioni. Inaomba amani ya kutosha kwa watu kufika, na watu wanaoshika neno lao kuhusu tarehe.

Kwa hiyo, siku utakaposikia tena jina la mshindi kutoka Nairobi, uliza pia: wenyeji wangapi wamepita mchujo? Hiyo hesabu njo inaonyesha kama msimu umefanya kazi yake.