Pompe: Maradhi ya misuli yajifichayo wodini kwa majina mengine

MGONJWA analalamika kwamba hawezi kupanda ngazi bila kushikilia ukuta. Akichuchumaa, hainuki hadi ajisukume kwa mikono. Akilala chali, pumzi humpaa. Huambiwa ana ugonjwa wa ini, au baridi yabisi, au ni uchovu wa kazi. Miaka inapita, faili yake inanenepa, na jina halisi la maradhi halijulikani.

Hiyo ndiyo hali ya wengi wanaougua Pompe ukubwani kabla ya kutambuliwa.

Ugonjwa huu wa nadra ulielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1932 na daktari Mholanzi, Joannes Cassianus Pompe, aliyechunguza maiti ya mtoto wa miezi saba ambaye moyo wake ulikuwa umetanuka kupita kiasi. Mwaka wa 1963, mtaalamu wa Ubelgiji, Henri-Géry Hers, aligundua chanzo chake: upungufu wa kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, yaani sukari ambayo mwili huiweka akiba. Isipovunjwa, sukari hiyo hurundikana ndani ya seli za misuli na kuziharibu.

Mtu huugua anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida huwa wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Wala haya si maradhi ya Wazungu pekee. Ipo hitilafu ya jeni hiyo ambayo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika.

Kwa watoto wachanga, moyo huathirika upesi na wengi wasiotibiwa hufariki kabla ya kutimiza mwaka. Kwa watu wazima, moyo aghalabu husalimika. Maradhi hushambulia mapaja, nyonga, mgongo na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo.

Msuli unapoharibika humwaga damuni vimeng'enya vyake, na baadhi yake ni vile vile vinavyopimwa kuchunguza ini. Hapo ndipo tabibu anapoweza kupotoka, akatibu ini lisilo na ila. Wengine hudhaniwa kuwa na uvimbe wa misuli, wakapewa dawa kali zisizowafaa.

Njia ya kuwafichua ni nyepesi. Hospitali huwachuja wagonjwa ambao misuli yao ya nyonga na mabega imelegea bila sababu kujulikana, au ambao damu yao ina wingi wa kreatini kinasi, kimeng'enya cha misuli. Tone la damu hukaushwa juu ya karatasi maalumu na kupelekwa maabara, hata iliyo mbali.

Nchini Italia, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 uliwapima hivyo wagonjwa 1,051. Damu ya 30 ilitiliwa shaka, na baada ya vipimo zaidi, vikiwemo vya jeni, 17 walithibitishwa kuwa na Pompe. Tone la kwanza, basi, huelekeza tu, halihukumu.

Tangu mwaka wa 2006, dawa ya kumrudishia mgonjwa kimeng'enya anachokosa imeidhinishwa Ulaya na Marekani. Hutiwa mshipani kila baada ya majuma mawili, na gharama yake kwa mtu mzima hufikia mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Hata hivyo, haifufui msuli uliokwisha kufa. Kila mwaka wa kukisia una hasara yake.

Hata pale dawa isipopatikana, kulijua jina la ugonjwa kuna manufaa. Mgonjwa hupimwa pumzi, akapewa mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Daktari wa nusukaputi huchukua tahadhari kabla ya upasuaji. Nao ndugu zake wa tumbo moja hupimwa mapema, kabla ngazi hazijawashinda.